Imekwama Steji Gani? Kompyuta Inayokataa Kufunguka Baada ya Mfumo Mpya

Matatu inayotoka Muthurwa kwenda Donholm ikizima njiani, mwenye gari akipigiwa simu huuliza kitu kimoja kabla ya vingine vyote: mmekwama wapi? Ikiwa ni City Stadium, atatuma makanika wa karibu na pale. Ikiwa ni Makadara, atamtafuta mwingine. Kisha atauliza gari lilizimaje: lilikohoa kwanza, lilitoa moshi, au lilikata ghafla? Hakuna mwenye matatu anayeamuru injini nzima ing'olewe kabla ya kupata majibu hayo.

Kwa kompyuta tunaenda kinyume. Mashine ikikataa kufunguka baada ya kuwekewa mfumo endeshi mpya, neno la kwanza kutamkwa ni "fomati". Diski inafutwa, Windows inawekwa upya, mashine inawaka, na mwenyewe anagundua jioni kwamba picha za marehemu babake, hesabu za duka na barua za wateja wa miaka 6 zimekwenda.

Tuchukue saiba ndogo kando ya soko la Muthurwa, yenye mashine 4 na printa moja. Ni asubuhi ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, na foleni imefika mlangoni. Usiku wa kuamkia leo, kijana anayemsaidia mwenye saiba alikesha akiipandisha mashine ya kaunta kutoka Windows 10 hadi Windows 11. Sasa haifunguki. Mama mwenye saiba anapiga simu.

"Fundi, mashine imekataa kuwaka."

"Haiwaki kabisa, mama, ama inawaka lakini haifungui?"

Mama anasita, kwa sababu kwake hayo mawili ni kitu kimoja. Kwa fundi, tofauti yake ni kama mbingu na ardhi. Hoja ya makala haya imo katika swali hilo. Neno "haiwaki" hubeba ndani yake hitilafu zisizopungua tano, kila moja na chanzo chake na tiba yake, na nyingi zinatibika bila kugusa faili hata moja. Kufomati ni tiba ya mwisho. Tumeigeuza kuwa ya kwanza kwa sababu hatuulizi mashine imekwama steji gani.

Kwa nini mashine nyingi zinakwama sasa

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft ikakomesha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake, Windows 11, aliyetoka tarehe 5 Oktoba 2021, alikuja na masharti ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Anataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, jambo ambalo si gumu. Lakini pia anataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, uwezo wa Secure Boot, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Prosesa za kizazi hicho cha 8 zilianza kuuzwa mwaka 2017.

Hapo ndipo Nairobi inapoumia. Sehemu kubwa ya kompyuta zetu ni zile tunazoziita ex-UK: zimetumika katika ofisi za Ulaya, zikastaafishwa, zikaletwa huku na kuuzwa Luthuli, Moi Avenue na kwingineko mjini. Ni biashara ile ile ya Gikomba, hatua chache kutoka Muthurwa, ila badala ya marobota ya nguo ni marobota ya vyuma. Si biashara mbaya; imewapa maelfu ya vijana mashine ya kwanza maishani mwao. Lakini laptopu kama HP EliteBook 840 G3, ambayo bado ni imara na inapendwa, ina prosesa ya kizazi cha 6. Kwa kipimo cha Microsoft, haimo.

Kwa hiyo watu wamezunguka masharti. Programu kama Rufus hutengeneza flashi ambayo haifanyi ukaguzi huo, na mashine isiyoruhusiwa ikapokea mfumo mpya. Mara nyingi unaingia na kufanya kazi vizuri. Mara nyingine mashine hukwama, na anayekwama hajui kama tatizo ni mfumo, chuma, au kitu kidogo kilichoguswa katikati ya safari.

Steji ya kwanza: umeme na chuma

Kabla ya Windows kuhusika hata kidogo, mashine lazima ipate umeme na ijikague yenyewe. Ukibonyeza kitufe na hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio, basi mfumo mpya hauna hatia. Hakuna toleo la Windows linaloweza kuzuia taa ya chaja kuwaka. Angalia soketi, waya, chaja na betri. Chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha rudisha. Hatua hii inaonekana kama ushirikina hadi siku unapoiona ikifufua laptopu.

Ikiwa feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi na mashine inalia mlio wa kurudiarudia, mshukiwa ni RAM. Kadi yake ina meno ya rangi ya dhahabu ambayo hushika vumbi na kutu, na vumbi la Muthurwa halina mchezo, hasa pale ambapo mlango wa saiba unatazama steji. Fundi mzoefu huichomoa, huyapangusa meno hayo kwa raba ya penseli, hupuliza vipande vya raba, kisha huirudisha hadi isikike ikidaka pande zote mbili. Ni kazi ya dakika 5.

Swali linabaki: kwa nini vyuma vife usiku ule ule wa kupandisha mfumo? Kwa sababu usiku huo ndio uliokuwa mgumu. Mashine iliandika data nyingi kwenye diski, ikapata joto kwa saa kadhaa na kujizima na kujiwasha mara kwa mara. Diski ya zamani ya kuzunguka iliyokuwa imechoka humalizikia hapo, kama punda aliyekuwa akichechemea anavyoanguka siku ya mzigo mkubwa. Halafu kuna stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ya Kenya iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kukatika kwa kawaida kwa mtaa mmoja hakuandikwi gazetini, lakini kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani, dakika moja ya giza katikati ya uandishi inatosha kuuacha mfumo nusu wa zamani na nusu mpya.

Steji ya pili: BIOS inatafuta diski

Nembo ya HP, Dell au Lenovo ikitokea kisha yakafuata maandishi meupe yanayosema "No bootable device" au maneno ya aina hiyo, chuma kimepita mtihani. Aliyekwama ni BIOS, ile programu ndogo ya kwenye bodi ambayo kazi yake ni kuitafuta diski na kuikabidhi usukani.

Kosa linalopatikana sana hapa baada ya kupandisha mfumo ni la lugha mbili. Kompyuta za zamani ziliwaka kwa mtindo unaoitwa Legacy, na diski zake zikapangwa kwa ramani iitwayo MBR. Mtindo mpya ni UEFI, na ramani yake ni GPT. Windows 11 inataka UEFI. Basi mtu anaingia kwenye BIOS, anabadilisha mstari mmoja kutoka Legacy kwenda UEFI, anahifadhi, na mashine haioni tena mfumo uliomo. Diski ni nzima na faili zote zipo, lakini BIOS sasa inasoma ramani ya aina nyingine. Tiba ya haraka ni kuurudisha mstari ule ulivyokuwa. Tiba ya kudumu ni kuibadilisha ramani kwanza kwa zana ya Microsoft iitwayo MBR2GPT, ambayo haifuti faili, kisha ndipo mtindo ubadilishwe.

Mstari huo huo unaweza kubadilika bila mkono wa mtu. Kwenye bodi kuna betri bapa ya duara, CR2032, inayolinda saa na mipangilio ya BIOS mashine inapokosa umeme. Katika mashine ya miaka 8 au 10 betri hiyo mara nyingi imekwisha. Mashine ikichomolewa, saa inarudi miaka mingi nyuma na mipangilio inarudi ya kiwandani. Ukiona tarehe ya kompyuta ni ya zamani ajabu, umempata mkosaji, naye ni wa bei ndogo kuliko vyote mle ndani.

Steji ya tatu na ya nne: Windows inaitwa, Windows inaamka

BIOS ikishaiona diski, humwita msimamizi mdogo aliyehifadhiwa katika sehemu ya diski ambayo mtumiaji haioni. Huyo ndiye anayejua Windows iko wapi. Akipotea au akiharibika, skrini ya bluu husema mashine inahitaji kutengenezwa na kutaja namba kama 0xc000000e au 0xc000000f. Dawa yake huanzia ndani ya Windows yenyewe: mashine ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, au ukiizima kwa nguvu mara 2 au 3 pale inapoanza kufunguka, hufungua ukurasa wa matengenezo. Humo mna sehemu ya kujitengeneza yenyewe, na mna dirisha la amri ambamo amri ya bcdboot huandika msimamizi mpya mahali pa yule aliyepotea. Ukurasa huo usipotokea, flashi yenye Windows, iliyotengenezwa kwenye mashine ya rafiki, huufungua.

Ikiwa nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka, kisha inakuja skrini ya bluu au mashine inajiwasha upya bila kikomo, basi umefika steji ya nne. Hapa mara nyingi mkosaji ni draiva, yaani programu inayouunganisha mfumo na kifaa fulani. Mfumo mpya umebeba draiva isiyopatana na chuma cha zamani. Neno "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE" kwenye skrini humaanisha kwamba Windows imeanza kuamka kisha ikashindwa kuifikia diski yake yenyewe. Hapo kagua BIOS kama mtindo wa diski umebadilika kati ya AHCI na RAID. Kwa mengine, ingia kwa Safe Mode, ambayo huamsha mfumo kwa draiva chache za lazima tu, kisha uondoe kile kilichoingia mwisho.

Dunia nzima iliona steji hii tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na Microsoft ikakadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliangukia kwenye skrini ya bluu. Ndege hazikupaa, benki zikasimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Tiba iliyotolewa ilikuwa hii: ingia Safe Mode, tafuta faili moja, ifute, washa upya. Faili moja. Siku hiyo mashine milioni 8.5 zilionekana kufa, na kilichohitajika ni mtu aliyejua zimekwama wapi.

Steji ya tano haina mengi. Mashine imefika kwenye jina la mtumiaji, au imepita hapo ikabaki nyeusi na mshale peke yake. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja ili kuamsha draiva ya skrini. Ikishindikana, Safe Mode ipo.

Mlango uliofungwa, si nyumba iliyobomoka

Kuna hali moja inayofanana na kifo lakini ni kufuli. Mashine inawaka, kisha inaonyesha skrini ya bluu ikidai ufunguo wa BitLocker: tarakimu 48, zilizogawanywa katika mafungu 8 ya tarakimu 6. Diski imesimbwa, na mfumo umeona mabadiliko, labda ya BIOS, labda ya sasisho, ukashuku kwamba kuna mwizi. Mwezi huo huo wa Julai 2024, sasisho la kawaida la Windows lilizipeleka baadhi ya kompyuta kwenye skrini hii, na wengi hawakuwa wakijua kwamba diski zao zimesimbwa. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, usimbaji huo hujiwasha wenyewe kwenye mashine nyingi zinazowekewa mfumo upya na kuunganishwa na akaunti ya Microsoft.

Ufunguo kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti hiyo. Lakini akaunti ya nani? Mnunuzi wa ex-UK aliyefunguliwa mashine na kijana wa dukani anaweza kukuta kwamba iliyotumika ni barua pepe ya huyo kijana. Bila ufunguo, hakuna fundi wa Muthurwa wala wa Marekani atakayezitoa faili. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza siku ya kununua, mbele ya muuzaji, kama vile mtu wa Gikomba anavyolinyoosha koti kwenye mwanga na kukagua mshono wa kwapa kabla ya kutoa pesa.

Na kuna hali moja ambayo kweli ni ya chuma. Toleo hilo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, linahitaji amri ya prosesa iitwayo POPCNT. Prosesa za Core 2 Duo hazina amri hiyo. Mashine zenye prosesa hizo zilipokea matoleo ya awali ya Windows 11 kwa njia za kuzunguka, lakini kwa hili hazifunguki kabisa, na hakuna marekebisho yatakayobadilisha hilo. Hapa fundi mwaminifu humwambia mteja ukweli: mashine yako si mbovu, mfumo huu si wake.

Kwa nini fundi hukimbilia kufomati

Si haki kuwalaumu mafundi peke yao. Fundi wa mtaani hulipwa kwa mashine iliyowaka. Saa 3 alizotumia kutafuta chanzo hakuna anayezilipa. Mteja naye amesimama nyuma yake akitazama saa, na stima inaweza kupotea wakati wowote. Kufomati kuna muda unaojulikana na matokeo yanayojulikana. Kutafuta chanzo hakuna uhakika huo. Sisi wateja tumemfundisha fundi kwamba tunanunua kasi, kisha tunalia kwamba hakutunza kumbukumbu zetu.

Dawa ni kubadilisha tunachokiomba. Mwambie fundi tangu mwanzo: nitakulipa kwa kutafuta chanzo, na kabla hujagusa diski, toa faili zangu. Jambo hilo linawezekana hata mashine ikiwa haifunguki, mradi diski haijasimbwa. Diski hutolewa na kuunganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta nyingine, au mashine yenyewe huwashwa kwa Linux iliyo kwenye flashi, na faili zikanakiliwa. Kwa mwenye saiba hili si suala la huruma peke yake. Diski yake ina vitambulisho, vyeti na namba za PIN za watu waliomwamini, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka azitunze. Asimpe fundi diski nzima aende nayo nyumbani bila makubaliano.

Kurudi, kubaki, au kuhama

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na Windows yenyewe inakupa nafasi ya kurudi kwenye mbacha wako. Baada ya kupandisha mfumo, ule wa zamani huhifadhiwa kwa siku 10, na ukurasa wa matengenezo una sehemu ya kuondoa sasisho kubwa la mwisho hata kama Windows haifunguki. Siku hizo zikipita, au mtu akifuta folda ya Windows.old kutafuta nafasi, njia hiyo imefungwa.

Kubaki na Windows 10 pia ni uamuzi wenye maana kwa muda mfupi. Microsoft imewapa watumiaji binafsi wanaojiandikisha masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo mashine itaendelea kuwaka, lakini kuitumia kwa M-Pesa za biashara na akaunti za watu ni kuacha duka bila mlinzi.

Njia ya tatu ni kuhama. Ubuntu na Linux Mint huwaka vizuri kwenye EliteBook ambayo Windows 11 imeikataa, bila malipo, na kazi nyingi za saiba leo hufanyika ndani ya kivinjari. Anayetegemea programu ya Windows pekee au printa ngumu ajaribu kwanza kwa flashi kabla ya kuhamisha mzigo wote.

Na kabla ya kupandisha mfumo wowote: nakili faili kwenye diski ya nje na uichomoe. Tafuta ufunguo wa BitLocker na uuandike kwenye karatasi. Piga picha kurasa za BIOS kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Hakikisha chaja imechomekwa na betri inashika. Usifanye kazi hiyo usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni.

Turudi kwa mama wa saiba. Fundi hajaondoka kwake bado. Anauliza kwa simu. Taa inawaka? Inawaka. Nembo inaonekana? Ndiyo, ya HP. Halafu? Maandishi meupe, anayasoma herufi kwa herufi. Fundi anaomba aongee na kijana. "Jana baada ya Windows kuingia, uliguza BIOS?" Kijana anakiri: mfumo uliingia vizuri, kisha akaona onyo kuhusu Secure Boot, akafuata video, akabadilisha kwenda UEFI. "Washa, bonyeza F10 mfululizo. Rudisha ile uliyotoa. Hifadhi."

Windows inafunguka, na faili za wateja ziko pale zilipokuwa. Mama anamtumia fundi malipo yake kwa simu, kisha anachomeka diski ya nje ambayo ilikuwa kwenye droo tangu ainunue, anaanza kunakili, na kumwita mtu wa kwanza kwenye foleni.